Re: Mkufu wa 65,000, wote wanataka kunipa 20,000

Habari dada. Umesema mkufu wako wa dhahabu una wiki tatu mtandaoni na hakuna anayepita 20,000.

Kabla hujamjibu mtu, angalia muhuri kwenye kishikizo. 750 ni karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu. 375 ni karati 9. Kisha mwombe sonara aupime mbele yako. Gramu 4 za 750 zina gramu 3 za dhahabu tupu: zidisha kwa bei ya siku hiyo. Chini ya hapo usishuke, hata mnunuzi akulilie.

Mimi nilikuwa nagombana na wanunuzi wa hivyo. Siku hizi napiga picha ya muhuri na mizani, najibu mara moja: "Asante, mwisho 60,000." Wengi hunyamaza. Mmoja aliyetaka pete yangu kwa nusu bei alirudi mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, akalipa bila maneno.

Mnunuzi akija, mkutane kwa sonara, si kwako. Na uangalie salio lako la M-Pesa mwenyewe. Ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake si pesa.

Mawe sijawahi kuuza, kwa hivyo kama una kidani chenye jiwe, ngoja wengine wakujibu.