Nakuru Mjini, 1963 hadi 2013: kwa nini orodha za wabunge hazilingani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia hapa Nakuru. Wanafunzi wangu wanaandaa jedwali la chaguzi za ubunge za lililokuwa eneo bunge la Nakuru Mjini, tangu uhuru hadi lilipogawanywa. Tumepata orodha tatu na kila moja ina lake. Moja ina Mirugi mmoja kuanzia 2002 hadi 2007, nyingine ina wawili. Moja ina asilimia za 1988 ambazo hatuzielewi. Tena, je, tukijumlisha kura za 2013 za Nakuru Mjini Mashariki na Magharibi, maeneo bunge yaliyotokana nalo, tunaweza kuzilinganisha na za 2007?

JIBU: Mwalimu, nianze na Mirugi kwa kuwa hapo kosa linaonekana wazi. Walikuwa wawili, baba na mwana. Mirugi Kariuki alichaguliwa Desemba 2002 kwa tiketi ya NARC, muungano wa vyama ulioshinda uchaguzi huo. Alifariki tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la wanahewa ilipoanguka Marsabit, pamoja na wabunge wenzake wanne: Bonaya Godana wa North Horr, Titus Ngoyoni wa Laisamis, Abdi Sasura wa Saku na Guracha Galgallo wa Moyale. Uchaguzi mdogo ulifanyika Julai mwaka huohuo, na kiti kikachukuliwa na mwanawe, William Kariuki Mirugi. Majina ya baba na mwana yamepishana, na anayenakili kwa haraka hudhani ni mtu mmoja aliyeandikwa vibaya.

Kosa hilo huzaa la pili. Mwana alishinda kwa tiketi ya NARC-Kenya, chama kipya kilichoundwa baada ya NARC kusambaratika kufuatia kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005. Mkimwandika chini ya NARC, jedwali litaonyesha chama kimoja kikitetea kiti chake, jambo ambalo halikutokea. Tahadhari hiyohiyo iwepo kwa vyama vyenye jina FORD. Mwaka 1992 mshindi wa Nakuru Mjini, John Lwali-Oyondi, alikuwa wa FORD-Asili, chama cha Kenneth Matiba. FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga ilikuwa chama kingine kabisa, kilichoshindana nacho. Msiandike "FORD" peke yake popote kuanzia 1992.

Kwa hiyo kila uchaguzi upewe mstari wake. Msipange kwa mtu, wala kwa kipindi cha Bunge. Uchaguzi mdogo nao upate mstari, na jedwali liwe na safu mbili za ziada: tarehe kiti kilipobaki wazi, na sababu (kifo, kuhama chama, au mahakama kubatilisha ushindi). Nakuru Mjini inahitaji safu hizo mapema sana. Mei 1963 kiti kilitwaliwa na Achieng Oneko wa KANU, chama kilichotawala tangu uhuru; alikuwa mmoja wa washtakiwa sita wa kesi ya Kapenguria ya wakati wa ukoloni, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Habari. Mwaka 1966 alimfuata Oginga Odinga katika KPU, chama kipya cha upinzani. Bunge likabadilisha katiba upesi Aprili mwaka huo, ili mbunge anayehama chama kilichomdhamini arudi kwa wapiga kura. Ndipo Juni 1966 ukafanyika ule unaoitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo, na Oneko akapoteza kiti cha Nakuru. Jedwali linaloruka kutoka 1963 hadi 1969 linafuta tukio hili lote. Oneko alirudi Bungeni 1992, lakini kama mbunge wa Rarieda, kwa hiyo jina lake lisionekane tena kwenye jedwali lenu.

Kuanzia 1969 hadi 1983 hali inabadilika. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulikuwa kwa hakika kura ya mchujo ya KANU: aliyeshinda mchujo alikuwa mbunge tayari. Mambo yalikuwa vivyo hivyo 1974, 1979 na 1983. Safu ya chama katika miaka hiyo haisemi lolote, maana wote ni KANU. Ushindani wenyewe ulikuwa baina ya watu na makundi ndani ya tawi la chama, kama lile la akina Mark Mwithaga, mbunge wa mji huu katika miaka ya 1970. Andikeni "mchujo wa KANU" kwenye safu ya aina ya uchaguzi. Tena wagombea huru hawakuruhusiwa tangu mabadiliko ya katiba ya 1968 hadi katiba ya 2010, kwa hiyo mkiona "huru" kwenye orodha kati ya 1969 na 2007, shukuni.

Sasa 1988, mwaka ambao umewapotosha wengi. Mlolongo wa Februari na uchaguzi wa Machi ni mambo mawili. Februari wanachama wa KANU walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala aliyeshika picha yake, na vichwa vikahesabiwa palepale uwanjani. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita bila kupingwa. Pale ambapo hakuna aliyefikia 70, kura ya siri ilipigwa Machi 21. Hivyo asilimia ya 1988 inaweza kuwa ya foleni (ambayo kipimo chake ni wanachama wa KANU waliojitokeza) au ya kura ya siri (ambayo kipimo chake ni waliopiga kura), na orodha nyingi huzichanganya bila kusema. Foleni haina karatasi ya kura, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kuhesabu upya. Kilichotangazwa na msimamizi, aliyekuwa mkuu wa wilaya, ndicho kilichosimama hata pale foleni fupi ilipotangazwa kuwa ndefu. Ushauri wangu ni kwamba asilimia za foleni zisiwekwe kamwe kwenye grafu moja na za miaka mingine. Ziwekeni kwenye maelezo ya chini ya jedwali, na kwenye safu ya aina mwandike "mlolongo".

Kuanzia 1992 mambo ni mepesi zaidi: Lwali-Oyondi wa FORD-Asili 1992, David Manyara wa DP 1997, Mirugi Kariuki 2002, mwanawe 2006, kisha Lee Kinyanjui wa PNU 2007. Mpiga kura alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mtu akiwapa "kura za Nakuru Mjini", ulizeni kwanza ni za karatasi ipi, kwa sababu jumla za rais na za mbunge katika kituo kilekile ni nadra kulingana.

Kuhusu asilimia, kubalianeni kanuni moja kabla ya kujaza hata namba moja. Mfano wa kubuni: waliojiandikisha 60,000, kura zilizopigwa 42,000, zilizokataliwa 700, halali 41,300, mshindi 22,000. Waliojitokeza ni 42,000 kwa 60,000, yaani asilimia 70. Mgao wa mshindi ni 22,000 kwa 41,300, yaani 53.3. Mkigawanya kwa kura zote zilizopigwa mtapata 52.4, na kwa waliojiandikisha 36.7. Namba zote tatu ni sahihi kihesabu, na hapo ndipo orodha zenu zinapotofautiana. Tumieni kura halali kwa mgao wa mshindi, na muandike hivyo kichwani mwa safu.

Sasa 2007 na 2013. Hapana, msijumlishe. Sababu ya kwanza ni mipaka. Nakuru Mjini Mashariki na Magharibi zilizaliwa na Tangazo la Kisheria nambari 14 la 2012, tume ya uchaguzi, IEBC, ilipoongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290. Kipimo kilikuwa watu 133,138 kwa eneo moja, yaani 38,610,097 wa sensa ya 2009 kugawanywa kwa 290, huku katiba ikiruhusu miji mikubwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40. Mashariki ina wadi tano: Biashara, Kivumbini, Flamingo, Menengai na Nakuru East. Magharibi ina sita: Barut, London, Kaptembwo, Kapkures, Rhoda na Shaabab. Kabla ya kusema kwamba hizi kumi na moja ndizo Nakuru Mjini ya zamani, linganisheni wadi moja moja na vituo vya kupigia kura vya 2007. Wengi hukosea pembezoni: Lanet/Umoja, kwa mfano, ni wadi ya Bahati, ijapokuwa wakazi wake wengi hufanya kazi mjini.

Sababu ya pili ni daftari la wapiga kura, na hii naiona nzito kuliko ya mipaka. Daftari la 2007 liliachwa. Lingine lilianzishwa upya kwa ajili ya kura ya maoni ya 2010, na jingine tena kwa mashine za alama za vidole kati ya 19 Novemba na 18 Desemba 2012. Katikati kulikuwa na ghasia za baada ya uchaguzi, mapema 2008, zilizoleta maelfu ya waliofurushwa hadi uwanja wa maonyesho wa Nakuru na kuwahamisha wengine kutoka mitaa ya mjini. Kiwango cha waliojitokeza 2007 na cha 2013 vina msingi tofauti. Mnaweza kusema David Gikaria alishinda Mashariki na Samuel Arama Magharibi. Hamwezi kusema wapiga kura "waliongezeka" au "walipungua".

Mkitaka kupima jedwali lenu, lijaribuni kwa Kisumu, ambako mitego ni ileile. Grace Onyango aliingia Bungeni 1969 kupitia Kisumu Mjini, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Robert Ouko alikuwa mbunge wa Kisumu Rural kabla ya kushinda Kisumu Mjini 1988, na orodha nyingi humweka kwenye kiti kimoja tu. Kisha kiti kikagawanywa kuwa Mashariki na Magharibi kwa uchaguzi wa 1997, na 2013 kukawa na Kisumu ya Kati, Mashariki na Magharibi. Jina "Kisumu Mashariki" la leo na "Kisumu Mjini Mashariki" la 1997 si eneo moja.

Kwa ushahidi, anzeni na Gazeti Rasmi la Serikali: hutangaza majina ya waliochaguliwa, na pia tangazo la Spika kwamba kiti kiko wazi. Kisha Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za vikao vya Bunge, mkitafuta siku mbunge mpya alipoapishwa. Hukumu za kesi za kupinga uchaguzi zitawaambia kama ushindi ulibatilishwa. Kuanzia 2017 mna fomu za matokeo: 35A ya kila kituo na 35B ya eneo bunge zima. Jumlisheni 35A zote kwanza, kisha mlinganishe na 35B. Zikitofautiana, msirekebishe, andikeni namba zote mbili na fomu zilikotoka.