Mashine imenikata vidole, mshahara nao unakatwa

SWALI: Nafanya kazi kiwanda cha chai Mufindi. Mashine imenikata vidole viwili. Msimamizi ananikata gharama za matibabu kwenye mshahara. Je, ni halali?

JIBU: Pole sana, ndugu. Si halali hata kidogo! Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaogharimia matibabu ya walioumia kazini, huchangiwa na mwajiri peke yake. Mpe taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala iliyosainiwa. Naye aijulishe WCF ndani ya siku 7. Akikaa kimya, nenda WCF mwenyewe kabla miezi 12 haijapita. Hospitalini, hakikisha faili linasema ajali ilitokea kazini. Likiandikwa “nyumbani”, madai yatakwama. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi ni pensheni ya kila mwezi.