Kabla Hujamwambia Mtu wa Lindi Achomoe Diski

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Mimi nilikuwa Dar. Seva ninayoitunza iko Lindi mjini, kwenye ofisi ya chama cha wakulima, na msimu wa ufuta ulikuwa unabisha hodi. Saa tano usiku ikaingia barua pepe kutoka kwenye seva yenyewe: diski moja kati ya mbili imeacha kufanya kazi.

Seva hiyo ina diski mbili za terabaiti 4 zilizofungwa kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Inatumia Linux, na safu, yaani jozi hiyo ya diski, inasimamiwa na programu ya mdadm. Nilipotazama faili la /proc/mdstat, linaloonyesha hali ya safu, nikakuta [_U] badala ya [UU]; kila U ni diski inayofanya kazi. Kistari hicho ndicho pengo. Kazi ya chama ilikuwa inaendelea kama kawaida, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwamba wana muda.

Sikugusa safu usiku ule. Nilianza kwa kuvuta nakala ya hifadhidata hadi kwenye mashine yangu, na ninawasihi wote wanaofanya kazi hii wafanye hivyo kwanza. Safu inapojengwa upya, diski iliyobaki husomwa yote, kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho. Diski zile mbili zilinunuliwa siku moja, zimeishi kwenye joto lile lile la Lindi na kupigwa na umeme ule ule. Mwenzake akishaanguka, huyu wa pili si wa kumwamini. RAID inakuokoa diski ikifa. Haikuokoi diski zote mbili zikifa, wala mtu akifuta rekodi kwa bahati mbaya. Nakala ilichukua hadi alfajiri, na ndipo nilipolala.

Bahati yetu, kulikuwa na diski mpya kabatini. Ingetakiwa kutoka Dar, isingepita Somanga. Ila mikono ya kuifunga haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada wa mapokezi, ambaye hajawahi kufungua kompyuta.

Kosa linaloua data katika kazi kama hii mara nyingi si amri iliyokosewa. Ni kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu. Kumwambia mtu "ile ya juu" au "ile ya kushoto" hakutoshi, na jina ambalo Linux huipa diski, kama sda au sdb, halijaandikwa popote kwenye chuma. Kilichoandikwa ni namba ya kiwandani, kwenye lebo. Diski mbovu ilikuwa bado inajibu, kwa hiyo smartctl, programu inayosoma taarifa za diski, ikanipa namba za zote mbili. Ingekuwa imekufa kabisa, ningesoma namba ya ile nzima na kumwambia asiiguse.

Lilibaki la kuwasha. Iliyoharibika ndiyo sda, ambayo seva ilizoea kuwakia. Kama GRUB, programu ndogo inayoiwasha Linux, haiko kwenye ile ya pili, ukizima mashine haitawaka tena, na hakuna basi la kukufikisha. Nikaisakinisha GRUB kwenye diski iliyobaki, nikaitoa mbovu kwenye safu kwa mdadm, ndipo nikazima.

"Shikamoo kaka, nimeshafungua."

"Marahaba dada. Umechomoa waya wa umeme ukutani?"

Alikuwa amechomoa. Nikamwomba apige picha lebo za diski zote mbili, anitumie kwa WhatsApp, kisha anisomee herufi nne za mwisho za kila moja kwa sauti. Alisoma taratibu, bila kuruka hata moja. Tulipokubaliana juu ya ile mbovu ndipo akashika bisibisi. Usimharakishe mtu katika hatua hii, hata kama meneja amesimama nyuma yake.

Mashine ikawaka. Angalia tena majina, maana sda na sdb yanaweza kubadilishana baada ya kuwasha. Mimi hutumia majina ya /dev/disk/by-id, yenye namba ya diski ndani yake. Unaponakili mgawanyo (partition) wa diski iliyobaki kwenda kwenye mpya, soma amri mara mbili: ukigeuza upande, unaandika utupu juu ya mgawanyo wa diski yenye data. Baada ya hapo ni kuiongeza mpya kwenye safu na kungoja. Kwa wastani wa megabaiti 130 kwa sekunde, terabaiti 4 ni kama saa nane na nusu. Safu ilipokamilika nikaweka GRUB kwenye diski mpya pia.

Fanya yote ndani ya tmux, programu inayoendelea kuendesha amri zako kwenye seva, ili mtandao ukikatika kazi isife nawe. Na uwe na njia ya kufika kwenye seva isiyopita ng'ambo. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima. Anayeunganisha Dar na Lindi kwa kupitia seva iliyoko Ulaya alijikuta nje ya mlango wake mwenyewe.

Barabara ilipofunguka nilituma diski nyingine kwa basi ikakae kabatini. Dada wa mapokezi aliipokea stendi, akaandika herufi zake nne za mwisho kwa maka peni juu ya boksi, akanitumia picha.