Una laki saba na unahamia Dar? Usimtumie dalali hela

Mdogo wangu, umesema unatoka Singida, umepata kazi dukani Kariakoo, una laki saba mkononi, na dalali amekutumia picha za chumba masta (chenye choo na bafu humo ndani) cha laki moja kwa mwezi. Sasa anataka umtumie "hela ya kushikilia" kabla hujapanda basi. Usitume. Nakuandikia kirefu kwa sababu Januari 2014 nilikuwa hapo ulipo wewe.

Mimi nilipelekwa Kigogo, upande wa bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Chumba kilikuwa kimetoka kupakwa rangi, kinang'aa. Mlangoni kulikuwa na kizingiti cha tofali kilichokaribia goti, ilibidi ninyanyue mguu kuingia. Nikamuuliza dalali, akasema ni cha kuzuia panya. Jirani alikuwa amepandisha friji yake juu ya tofali, nikadhani ni mambo ya usafi. Nimeshahamia ndipo nikaona, nyuma ya mlango ambako brashi haikufika, mstari wa kahawia umenyooka ukutani usawa wa kiuno changu. Aprili masika yakaja, mto ukafika ndani. Godoro, nguo na vyeti vikaenda. Nilikuwa nimelipa miezi sita, na mwenye nyumba hakunirudishia hata shilingi ya ile iliyobaki.

Kwa hiyo ukifika, fikia kwa ndugu au rafiki hata wiki moja, uangalie kwa macho yako. Angalia kuta kwa chini, angalia vizingiti, angalia majirani wameweka wapi vitu vyao. Kisha ongea na wapangaji, dalali akiwa hayupo. Nenda jioni, wakati akina mama wako uani wanapika. Salimia vizuri, waulize: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Ni ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, au ya kisima? Ya kisima yaonje, maana sehemu nyingi ni ya chumvi na sabuni haitoi povu. Mvua ikinyesha njia inapitika? Na yule aliyehama, alihama kwa nini? Hilo la mwisho ndilo litakalokupa majibu ya kweli. Dalali analipwa ukishasaini, wao wataishi na wewe.

Waulize na umeme. Nyumba nyingi za kupanga zina LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, na mwenye friji na pasi anachanga sawa na wewe mwenye taa na chaji ya simu. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, ingawa anayedaiwa ni mwenye nyumba. Mkubaliane mapema nani anaibeba.

Sasa hesabu yako. Chumba cha laki moja, ukidaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ni laki sita, na kodi ya mwezi mmoja anayochukua dalali ni laki nyingine. Laki saba imeisha, unalala sakafuni na nauli huna. Tafuta cha 70,000: miezi sita ni 420,000, dalali 70,000, jumla 490,000. Unabaki na 210,000 ya godoro, ndoo, jiko na kula hadi mshahara. Tena omba kulipa miezi mitatu. Wapo wenye nyumba wanaokubali, hasa wazee wanaoishi humo humo, ukienda mwenyewe ukawaeleza kwa heshima kwamba ndiyo kwanza unaanza kazi.

Lakini bei ya chumba usiiangalie peke yake. Kuna vya 60,000 huko ndani kabisa, ambako kutoka kituoni lazima upande boda. Boda ya 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 26 za kazi, ni 52,000. Chumba kimeshakuwa cha 112,000. Kwa kazi ya Kariakoo mimi ningetafuta kando ya Barabara ya Morogoro, Manzese au Ubungo hadi Kimara, umbali wa kutembea mpaka kituo cha mwendokasi, kwa sababu yapo mabasi yanayoshusha Gerezani, hapo hapo Kariakoo. Gongo la Mboto na Mbagala vyumba ni nafuu pia, ila duka likifunguliwa asubuhi utaamka alfajiri sana.

Ukishakipenda, nenda kwa mjumbe wa shina umuulize mwenye nyumba ni nani. Mfanyakazi mwenzangu alilipa kodi kwa mtu aliyekuwa mpangaji tu, siku ya kuhamia akakuta wenzake wawili mlangoni na mabegi, wote wamelipia chumba kile kile. Ukilipa kwa simu, jina linalotokea kabla hujabonyeza lifanane na jina la kwenye mkataba. Mkataba uandikwe tarehe, kiasi, na hali ya chumba: kitasa, dirisha, dari. Madalali wanadai pia hela ya kukuonyesha chumba; mimi huwa nalipa elfu tano nikishafika kwenye chumba, si kabla.

Mimi sasa nipo Kimara Korogwe, mlimani, maji ya mgao lakini mvua haituhamishi. Niambie unafika lini. Jumapili huwa sina kazi, nitakusindikiza ukaangalie vyumba.