Ufunguo wa vitabu hauko shingoni kwangu tena

Mie mtu wa Wete, Pemba, na kwa miaka minne nilitembea na ufunguo shingoni utadhani mtoto kavalishwa hirizi. Ufunguo wa kufuli ya chumba cha uani kwa marehemu babu, ndani mna rafu tatu na vitabu tulivyopewa na watu wa Unguja, wa Dar, na ndugu zetu walioko Oman na Uingereza. Sasa kila baada ya siku mbili tatu kuna kijana ananiandikia, kaka na mie nataka kuanzisha maktaba ya watoto kwetu kama yako, nipe ushauri. Haya, ushauri wangu ndo huu: kabla hujaomba hata boksi moja, jiulize ufunguo atakaa nao nani.

Ndoto yangu mie ni CPA, cheti cha mhasibu kamili. Mitihani ya bodi ya wahasibu, ile NBAA, wakati ule ilikuwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tano na mwezi wa kumi na moja, ukiikosa huna pa kwenda unangoja miezi sita. Mwaka wa kwanza wa vitabu nikajisajili, nikalipa ada, kituo changu Unguja, tiketi ya boti nishakata. Asubuhi ya safari nafika bandari ya Mkoani naambiwa bwana we kuna maboksi yako kumi na tisa yameshushwa, na mvua za vuli hizo, turubai lenyewe limefunika nusu tu. Nikasema naangalia dakika mbili. Yale ya chini yashaloa, ukibeba boksi kitako kinabaki chini, basi mie na mahamali wawili tukaanza kutoa kimoja kimoja tunavianika chini ya bati, nafuta majalada kwa shati langu, na boti ikapiga honi ikaondoka naiona, tiketi ninayo mfukoni.

Unajua mlikuwa na nini mle? Vitabu vya kujifunzia Windows 98, vingi, na kitabu kinene cha kodi za Marekani cha mwaka 1997. Mie mwanafunzi wa uhasibu nimekosa mtihani wa uhasibu kwa ajili ya kodi za Marekani!

Bi mkubwa hakunigombeza, aliniuliza tu, "Baba, watoto wa watu unawatafutia vitabu, wewe mwenyewe utasoma lini?" Nikakasirika, nikaona haelewi. Ukweli sikuwa na jibu, maana kuwa mtu wa vitabu kulishaninogea, kila nikipita barazani naitwa Maalim, wakati masomo ya bodi hakuna anayekupigia makofi, unakaa peke yako na kalkuleta. Kwa hiyo ukiona umebanwa usikimbilie kusema mradi umekuzidi, angalia kwanza kama si wewe unayejificha ndani yake. Mie nilikuwa najificha.

Kilichonisaidia ni kusema. Wale tuliokuwa nao kwenye mradi hakuna hata mmoja aliyejua kama nasoma, wanaona naitikia kila simu wanadhani sina kazi. Nikawaambia kwenye grupu: mwezi mmoja kabla ya mtihani mie simo, na ufunguo nampa maalim wa kike anayekaa jirani pamoja na wasichana wawili wa kidato cha tatu. Usiku ule sikulala vizuri naona vitabu vyote vinaibiwa. Vimepotea kweli, sitosema havijapotea, kile cha kodi nilikikuta sokoni kinafungiwa njugu, nikanunua za mia mbili nikala. Ila wale wasichana wanafungua alasiri watoto wakitoka chuo cha Kurani, mie nilikuwa nafungua nikikumbuka.

La pili, jifunze kukataa. Mtu akisema nina maboksi, muulize ya nini, akutumie picha. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilisema hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, kwa hiyo kilichokuwa kinagombewa kwetu ni vitabu vyepesi vya Kiingereza na hadithi za Kiswahili, si miongozo ya kompyuta zilizokufa. Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi 2021 watu wazima walikuja mlangoni kuuliza vitabu vyake, mtoto wa Zanzibar huyo, na sisi kwenye rafu hatuna hata kimoja, niliona haya.

Na angalia msimu. Karafuu zikiiva usijisumbue kuzunguka maskuli, nusu ya darasa liko juu ya mikarafuu na jioni wanachambua vikonyo, hapo hata ukigawa dhahabu hupati mtu. Mie sasa huo ndo wakati wangu wa kusoma. Nimebakisha masomo mawili, mwezi wa tano nakwenda Unguja siku tatu kabla, na bandarini sipiti kule kwenye mizigo.

Pesa za nauli na mahamali changisheni kabla boksi halijapanda chombo, usitoe kwenye ada yako. Na miguu ya rafu itie kwenye makopo yenye mafuta ya taa, mchwa wa huku wanamaliza kitabu kabla ya mtoto.