Suruali za gofu zinazobanwa chini ya goti

SWALI: Mhariri naomba msaada, zile suruali pana za gofu za kizamani mbona zingine zinamwagika sana gotini na zingine kidogo tu?

JIBU: Ndugu yangu, tofauti ni inchi tu, zile pana zina kitambaa cha inchi 4 kupita goti, ndo kile kinafanya mkunjo juu ya kifungo, za inchi 2 zimebana zaidi na hata mi naona ndo nzuri kwa kuwinda vichakani. Mwanamfalme Edward wa Uingereza alizivaa zile za inchi 4 ziara yake Marekani 1924 zikashika kweli, baadaye mchezaji gofu wa Marekani Payne Stewart akazirudisha uwanjani. Ila soksi ziwe ndefu jamani, zifike gotini, umande wa nyasi uishie kwenye soksi suruali ibaki kavu.