Mbwa anaburuta makalio, ni minyoo tu?

SWALI: Daktari, mbwa wangu siku hizi anakaa chini anajiburuta makalio kwenye zulia, halafu anajilamba huko nyuma hadi usiku na ananuka kama samaki aliyeoza. Dawa ya minyoo nimeshampa, bado tu.

JIBU: Hiyo harufu ya samaki ndo inayofichua tatizo. Mbwa ana vifuko viwili pembeni ya mkundu, kimoja kushoto kimoja kulia, kwa kawaida vinajikamua vyenyewe akinya choo kigumu kiasi, sasa kinyesi kikiwa laini kila siku au mbwa akinenepa sana yale majimaji ya ndani ya vifuko yanabaki yanaganda na kuwasha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo avikamue, kazi ya dakika chache. Usianze kubinya mwenyewe kwa kuangalia video, hasa ukiona uvimbe mwekundu pembeni ya tundu, damu au usaha, hapo ni jipu na likipasuka ni balaa, muwahishe leoleo. Tatizo likijirudia, muulize daktari kuhusu aleji, uzito na kumwongezea nyuzinyuzi kwenye chakula. Na kama mbwa hana shida, aisee, vifuko viache, havihitaji kukamuliwa kila mwezi.